Maswali ya Porini: Panya Anayempiga Nyoka Teke

Wasomaji hamjambo. Mwezi huu sanduku limejaa nyoka, na wala sio nyoka wa hapa, ni wale wa jangwa la Marekani wenye kayamba mkiani, na yote imeletwa na kale kavidio kamezunguka kwa magrupu ya WhatsApp, kale kanaonyesha panya akiruka juu usiku, anampiga nyoka teke hewani, anatua huko mbali na kuendelea na maisha yake. Nimechagua barua zenye maana. Wale wawili mlioniuliza nyoka wa kuleta pesa anauzwa wapi, hapa sio pahali pake, mnisamehe.

Niaje Mzee wa Pori. Hiyo vidio ya panya na nyoka imeleta vita kwa grupu yetu ya ploti. Nusu wanasema ni AI, ati panya hawezi ruka hivyo na bado apige teke akiwa juu. Mimi nasema ni ya ukweli lakini sina pointi. Nisaidie kabla nitolewe. – Kevo, Umoja

Kevo usitoke, uko sawa. Hicho kitu kinafanyika kweli, na watu wa sayansi walikirekodi kabla hii AI haijaanza kutusumbua. Ni timu ya Rulon Clark wa San Diego State University na Timothy Higham wa Chuo Kikuu cha California pale Riverside, wao na wanafunzi wao, walienda jangwani karibu na mji wa Yuma, Arizona, wakakesha huko na kamera, matokeo yakachapishwa 2019.

Kwanza tujue wapiganaji. Huyo panya sio yule wa kwa dari yako. Anaitwa panya-kangaruu, ana uzito wa gramu mia hivi, miguu ya nyuma mirefu ya kurukia, mkia mrefu kuliko mwili wenye kishungi mwishoni, huo mkia ndio anajigeuza nao akiwa hewani, na kwa mashavu ana mifuko ya kubebea mbegu. Ndani ya fuvu lake sehemu ya masikio ni kubwa ajabu ukilinganisha na kichwa, inamsaidia kunasa sauti nzito za chini kabisa, mchanga ukisuguliwa na mwili wa nyoka, ama hewa ikisukumwa na bawa la bundi. Nyoka naye ni yule mdogo wa vipembe juu ya macho, kwa jina la kisayansi Crotalus cerastes, hafikishi hata mita moja, na kwa mchanga anatembea kiubavu. Usiku anachagua mahali karibu na njia ya panya, anajisukasuka mpaka mwili uzame nusu kwa mchanga, halafu anatulia hapo, na wewe unaweza kupita karibu naye usijue kuna mtu.

Sasa sikia spidi. Ukipepesa jicho mara moja ni karibu milisekunde 150. Huyo nyoka tangu aanze kuruka mpaka amguse panya ni chini ya milisekunde 100. Na panya? Kwa wastani anashtuka na kuanza kuondoka ndani ya milisekunde 70 hivi, na kuna wale wa moto walifanya hivyo kwa 38. Yaani vita yote imeanza na kuisha jicho lako likiwa bado linafungika, ndio maana watu walikuwa wakiona tu nyoka hapa, panya pale, vumbi katikati, basi.

Ndio wakaleta mitambo. Nyoka akikamatwa anawekewa kidude cha redio, akiachiliwa wanamfuata na antena kila usiku mpaka pale amejificha. Panya nao wananaswa kwa visanduku, wanawekewa alama, wanarudishwa kwao. Wakimpata nyoka amejipanga kuvizia, wanatega kamera kando yake, za kuchukua picha 500 kwa sekunde moja, na taa za mwanga ambao macho yetu hayaoni, halafu wanarudi nyuma huko mbali wanaanza kungoja. Kamera za aina hiyo zinarekodi zikijifuta zenyewe muda wote, kwa hivyo nyoka akisharuka ndio unabonyeza, na inakuhifadhia zile sekunde zimepita tu.

Na hapo ndio mambo yakawa matamu. Ilionekana panya akishtuka mapema anaenda tu, nyoka anauma hewa. Akichelewa kidogo na meno yameshamfikia, bado hajaisha, anajipinda akiwa juu, anakanyaga nyoka kwa kichwa ama shingo na ile miguu mirefu, anamsukuma, na kuna wengine walikuwa wameshaumwa kabisa lakini wakamrusha nyoka kabla sumu iingie vizuri. Hilo ndilo teke mnalobishania. Waambie hao wa AI kwamba vidio za kazi kama hii mara nyingi ni za usiku, hazina rangi, kamera haisogei, hakuna muziki, na ukitazama yote kutoka mwanzo utalala kabla nyoka afanye chochote. Zile za rangi kali na kamera inazunguka zunguka kama ya sinema, hizo hata mimi nazishuku.

Mzee, kakangu ni nesi huko Tucson na naenda kumtembelea mwezi wa saba. Anasema hao nyoka wa kayamba wanapita hadi nyuma ya nyumba yao. Sitaki wa zoo, nataka nimwone akiwinda hivi hivi. Inawezekana ama narudishwa Nairobi kwa jeneza? – Wanjiku, Ruaka

Wanjiku dadangu, inawezekana, na umechagua mkoa wake hasa. Arizona ndiyo jimbo lenye aina nyingi za nyoka wa kayamba kuliko jimbo lolote la Marekani, aina 13, na Tucson imekaa katikati ya jangwa la Sonora, Saguaro National Park iko pande zote mbili za mji. Huyo wa nyuma ya nyumba ya kakako pengine ni yule mkubwa wa madoa ya almasi mgongoni, Crotalus atrox, ambaye mita moja na zaidi ni kawaida yake. Yule mdogo wa vipembe anataka mchanga laini, kwa hivyo kwa huyo itabidi muendeshe gari kwenda magharibi, pande za Yuma.

Mwezi wa saba huko ni jua kali na mvua za kiangazi zinaanza, mchana joto linapita digrii 38 na ardhi yenyewe inachoma zaidi ya hapo, nyoka akikaa kwa jua hilo anakufa. Kwa hivyo mchana usisumbuke, yuko kwa shimo la mtu mwingine ama chini ya kichaka. Toka jua likizama. Kama mko sehemu za mchanga, amka alfajiri kabla upepo ufute, utafute alama: yule wa kiubavu anaacha mistari mifupi imelala sambamba, kila mmoja uko na ndoano mwishoni kama herufi J, na ile ndoano inaangalia upande alioelekea. Ukifuata hiyo mistari polepole, ukiangalia mbele na sio miguuni tu, unaweza kumpata pale amejizika. Hii ndiyo furaha yenyewe kwa maoni yangu, kufuata nyayo za mtu asiye na miguu.

Ukimpata, angalia amekaaje. Akiwa amejikunja duara na shingo imekaa kwa mkunjo wa S, kichwa kinaangalia njia nyembamba ya panya ama mdomo wa shimo ama gogo lililoanguka, huyo yuko kazini. Hapo rudi nyuma mita nne ama tano, keti, zima taa kali, tumia mwanga mwekundu hafifu, na usipite kati yake na ile njia. Nyoka huyu kati ya jicho na pua ana kishimo kila upande kinachosoma joto, kwa hivyo hata giza totoro anakujua uko wapi, wewe ni dude kubwa la moto limesimama pale. Usikanyage kanyage pia, mtikisiko anausikia kwa mwili wote kupitia ardhini.

Halafu ungoje. Hapa ndio watu wengi huanguka mtihani. Kungoja nyoka ashike windo ni kama kungoja matatu ya Rongai saa nne usiku na mvua inanyesha, unajua itakuja, hujui lini, na ikija inaweza kukupita imejaa. Nyoka wa kayamba anaweza kukaa pahali pamoja usiku kucha asipate kitu, akahama hatua chache akaanza tena, na kwa mwaka mzima milo yake ni ya kuhesabu. Mwezi ukiwa mpevu ni mbaya zaidi, panya-kangaruu wanapunguza kutoka kwa sababu kwenye mwangaza bundi anawaona, kwa hivyo panga safari na giza la mwezi.

Na sasa jambo ambalo vidio za intaneti zimeharibu kabisa. Ukisikia kayamba, show imeisha. Nyoka anayewinda hapigi kayamba hata kidogo, angelipiga angekula lini? Ile sauti ni yako wewe, ni ya ng'ombe, ni ya mbwa, ni ya yeyote anayeweza kumkanyaga. Kwa hivyo mtu akikuonyesha kwa simu nyoka amesimamisha shingo anapiga kayamba na anasema "tazama akiwinda", ujue mtu huyo alimsumbua tu nyoka wa watu. Tena hiyo sauti ina ujanja. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, walionyesha kwamba ukimkaribia anaanza na mtikisiko wa polepole kiasi, karibu mara 40 kwa sekunde, halafu ghafla anaruka hadi kati ya mara 60 na 100, na masikio ya binadamu yanadanganyika yanafikiri nyoka yuko karibu zaidi ya alipo. Unaruka nyuma ukiwa bado mbali. Wote mnapona.

Kuhusu jeneza: Marekani kila mwaka watu kati ya 7,000 na 8,000 wanaumwa na nyoka wenye sumu, na wanaokufa ni kama watano, kwa sababu hospitali ziko karibu na dawa ya sumu ipo, ijapokuwa bili yake mwambie kakako akueleze mwenyewe, ukiisikia utaumwa mara ya pili. Vaa buti zinazopita kifundo, suruali ndefu, mkono usiende mahali macho hayajatangulia, na kwenye mbuga zao usimguse mnyama wala kumsogeza na kijiti hata kwa sababu ya picha nzuri, sheria yao haichezi.

Mwandishi, mimi ni mzee mstaafu. Tukiwa vijana tuliambiwa nyoka anamtazama panya ama ndege machoni mpaka anamroga, ndege anaenda mwenyewe hadi mdomoni. Nimeona kwa macho yangu ndege akimkaribia nyoka badala ya kutoroka. Vijana wangu wananicheka. – Mutua, Dagoretti

Mzee Mutua, shikamoo. Usiwaache wakucheke, ulichokiona ni cha kweli, ni maelezo tu yamepinduka. Mawindo kweli humwendea nyoka. Lakini hajarogwa, anaenda kumtangaza.

Fikiria biashara ya huyu nyoka. Hana mbio. Mtaji wake wote ni kutoonekana. Sasa akishaonekana, duka limefungwa, na mawindo yanalijua hilo. Panya-kangaruu akimgundua nyoka hakimbii tu, anamsogelea kwa tahadhari, anapiga chini na miguu ya nyuma kama mtu anapiga ngoma, anamrushia mchanga, anaruka nyuma, anarudi tena. Ile ngoma nyoka anaisikia vizuri kupitia ardhini. Ujumbe ni mfupi: nimekuona, usipoteze muda. Na panya aliye macho hivyo ni yule anayeshtuka kwa zile milisekunde nilizomwambia Kevo, kwa hivyo nyoka mara nyingi hata hajaribu.

Kindi wa ardhini wa California ndio mabingwa kabisa wa huu mchezo. Donald Owings na Richard Coss wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitumia miaka na miaka wakiwachunguza hao kindi na nyoka wao. Kindi akimwona nyoka anaupeperusha mkia huku na huku, anakaribia, anarudi. Nyoka aliyepeperushiwa mkia mara nyingi anaamua kuhama akavizie pengine. Kindi mkubwa pia damu yake ina kinga dhidi ya ile sumu, sio kinga ya kumfanya achezee chezee nyoka lakini ya kumwezesha kupona, kwa hivyo nyoka sana sana anatafuta watoto, na mama zao ndio utawaona wakipigana kwa ukali wote.

Halafu kuna hii ambayo kila nikiisoma natingisha kichwa. Mwaka 2007 Aaron Rundus, huyo Owings na wenzao wa Davis walionyesha kwamba kindi akimkabili nyoka wa kayamba, mkia wake unapata joto, damu inasukumwa kule, lakini akimkabili aina nyingine ya nyoka asiye na vile vishimo vya kusoma joto, anapeperusha mkia ukiwa baridi vile vile. Yaani anajua ni nani anaweza kuona joto! Wakatengeneza kindi wa roboti mwenye mkia wa kupashwa moto, wakampelekea nyoka. Mkia ukiwa na joto nyoka alijikusanya kwa kujilinda zaidi kuliko ukiwa baridi.

Na kindi hao hao hutafuna gamba lililovuliwa na nyoka halafu wanajilamba manyoya, wananuka nyoka, wakilala shimoni mwindaji akipita anahisi harufu ya mwenzake. Kwa hivyo mzee wangu, waambie vijana kama kuna aliyemroga mwenzake hapo, sio nyoka.

Habari babu, niko gredi ya saba. Rafiki yangu anasema ukihesabu pete za kayamba ya nyoka unajua ana miaka mingapi. Ni kweli? – Brian, Lang'ata

Sio kweli Brian, lakini rafiki yako amedanganywa na watu wazima wengi kwa hivyo usimcheke. Pete moja inaongezeka kila nyoka anapojivua gamba, na nyoka mdogo anayekua haraka anajivua mara kadhaa kwa mwaka. Halafu zile za mwisho hukatika zikigonga mawe na miti. Mzee anaweza kuwa na pete chache kuliko kijana. Pete zenyewe ni keratini, kitu kile kile cha kucha zako, ndani ni tupu, hakuna mbegu wala mchanga, zinagongana zenyewe tu. Mtoto akizaliwa (ndio, anazaliwa, hatagwi) ana kifungo kimoja tu mkiani na hakitoi sauti, mpaka ajivue apate cha kugonganisha nacho.

Asalaam alaikum. Nimesoma nyoka wa kayamba akimuuma panya anamwachilia. Kwa nini aachilie chakula chake? Na hao panya wanakunywa wapi maji jangwani? – Halima, South C

Wa alaikum salaam dada Halima. Anamwachilia kwa sababu panya ana meno na akiwa mdomoni anaweza kumng'ata nyoka jicho. Anamtia sumu, anamwacha aende akafie mbele kidogo, halafu anatoka taratibu akipepeta ulimi, anakusanya harufu chini, anafuata. Sasa jangwa limejaa njia za panya wengine, atajuaje wake? Anajua. Harufu ya panya aliyeumwa inabadilika, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba kuna protini maalum ndani ya sumu zinazofanya kazi hiyo, hazimuui panya, kazi yao ni kumwekea alama. Mtu akiniambia nyoka ni mnyama mjinga namtajia hili tu. Ndege yeye hamwachilii, angeruka na hawezi kufuatwa angani, anamshikilia mpaka afe.

Maji: panya-kangaruu anaweza kuishi bila kunywa tone. Anakula mbegu kavu, na mwili ukivunja hicho chakula unatengeneza maji kidogo humo humo, halafu figo zake zinabana mkojo mpaka unakuwa mzito sana, na mchana anakaa shimoni kwenye unyevu. Nyoka anapata maji mengi kutoka kwa huyo panya. Mvua ikinyesha nyoka anajikunja na kujibapa, matone yanakaa kwa magamba ya mgongo, anajigeuza anayanywa kutoka kwa mwili wake mwenyewe.

Mzee, huku Kitengela tuna moma, kila mvua ikikaribia lazima mmoja auliwe kwa ploti. Nimechoka na kuua. Naweza kuwachunguza kama hao Wamarekani, ama hawa wetu hawana maana? – Musyoka, Kitengela

Musyoka, barua yako nimeisoma mara mbili. Nyoka wa kayamba hayuko Afrika kabisa, anapatikana kusini mwa Kanada kushuka mpaka Argentina, basi. Lakini moma ni wa ukoo mmoja naye, wote ni vipiri, wote ni wa kuvizia, na kwa ujanja sioni kama wetu wameachwa nyuma.

Mwaka 2015 Ashadee Kay Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walionyesha kwamba moma akiwa amevizia hana harufu ya kunaswa. Walitumia mbwa waliofunzwa na nguchiro wa kule kusini, wale wanyama walitambua nyoka wengine lakini moma mzima wakampita. Hata gamba alilolivua lilinuka kuliko yeye mwenyewe! Halafu 2017 Xavier Glaudas na Graham Alexander wakachapisha vidio kutoka Dinokeng, Afrika Kusini, moma ametulia kwa nyasi ametoa ulimi nje anauchezesha kama kijidudu, na anafanya hivyo chura akiwa karibu, lakini panya akija ulimi hauonyeshwi, yaani anajua nani anakula wadudu na nani hali. Kaskazini, Turkana na Marsabit, kuna kipiri mdogo, Echis pyramidum, ambaye hana kayamba lakini anajikunja na kusugua magamba ya ubavu moja kwa nyingine mpaka yatoe sauti ya kukwaruza. Na hapo Naivasha na Elementaita kuna mdogo mwingine wa vipembe, Bitis worthingtoni, ambaye dunia nzima anapatikana Kenya peke yake, na wakenya wengi hawajawahi kusikia jina lake. Inaniuma kidogo hiyo, watoto wetu wanajua nyoka wa Arizona kupitia simu na huyu wetu hawamjui.

Upande wa mawindo pia hatukosi. Yuko kamandegere, wengi mmemwona usiku barabarani pande za Kajiado macho yakiwaka kwa taa za gari, anaruka na miguu miwili ya nyuma, mkia mrefu. Hana undugu wa karibu na panya-kangaruu, ni maisha ya uwanda mkavu na giza tu yamewafikisha wote kwa umbo moja.

Unachoweza kufanya bila kibali cha mtu ni kutazama kwako ukiwa mbali. Nunua ama azima kamera ya kujipiga yenyewe, ile inashtuka kitu kikipita, uifunge kwa nguzo ukielekeza kwa mashimo ya panya, uende ukalale. Asubuhi na jioni sikiliza ndege: shore na wenzake wakianza kelele mahali pamoja, wote wanaangalia chini, wanaruka ruka kwa matawi lakini hawaondoki, kuna nyoka hapo ama paka, tazama kutoka mbali. Andika saa, hali ya hewa, nani alifanya nini. Kukamata, kuweka vidude vya redio, kumfungia kwa ndoo, hapana, hiyo inataka kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, na cha watu wa wanyamapori, na inataka mafunzo.

Na hao majirani, waambie wafyeke nyasi karibu na nyumba, nafaka iwekwe mahali panya hawafiki, maana moma anafuata panya, hafuati nyinyi. Usiku tochi na buti, moma hakimbii akisikia mguu, anategemea kutoonekana, ndio maana anakanyagwa. Mtu akiumwa vua pete na viatu kabla avimbe, mguu utulie, hospitali mara moja. Usikate, usinyonye, usifunge kamba, na lile jiwe jeusi la kunyonya sumu linalouzwa huko kwenu libaki kwa anayeliuza. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwa orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na wanaokufa duniani kwa mwaka wanakadiriwa kuwa kati ya 81,000 na 138,000, wengi wao wakulima na wafugaji wa nchi kama yetu, mbali na dawa. Ukilinganisha na wale watano wa Marekani utaona shida sio meno ya nyoka peke yake.

Mimi nyoka naogopa hadi picha, lakini hii stori ya milisekunde imenishika. Kuna pahali hapa Nairobi naweza kuona mambo kama hayo bila kukutana nao porini? – Achieng, Kayole

Achieng, anza na Snake Park ya pale Museum, nyoka wako nyuma ya kioo na wewe uko upande huu, moma utamwona amelala hivyo hivyo, na ukikaa kwa kioo chake dakika kumi bila simu utaanza kuelewa kungoja ni nini. Ukipata nafasi ya Mbuga ya Nairobi, utakuwa ndani ya gari kwa hivyo usiogope, tafuta kwa nyasi fupi ndege mrefu wa miguu kama ya korongo na manyoya ya kisogoni yamesimama, huyo ni ndege karani. Yeye ndiye panya-kangaruu upande wa pili, anamtafuta nyoka ampige teke. Mmoja aliyefunzwa huko Uingereza alipimwa, matokeo yakatoka 2016: nguvu ya teke ni mara tano ya uzito wake, na mguu unagusa kwa milisekunde 15 tu. Mwambie dereva azime injini, maana karani akiona gari linamfuata fuata anaondoka, na beba maji na kitu cha kutafuna.